Nukta Nyekundu Nilizozitupa

Nina macho mazuri, na silisemi hilo kwa kunong'ona. Kijijini kwetu Mutarule, nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi, wanawake wa jirani walikuwa wakituma watu waniite msimu wa kuvuna ukifika. Mchele wa bonde la Ruzizi ukitoka mashineni huja na changarawe, chuya na punje nyekundu, na mnunuzi wa Uvira akiona wekundu kwenye gunia anakunja uso kama aliyetukanwa. Mimi nilikaa na ungo magotini, vidole vinakwenda vyenyewe, changarawe kulia, nyekundu kushoto, na wenzangu wakiwa kwenye ungo wa pili mimi nilishaanza wa nne. Mama alikuwa akipita nyuma yangu na kusema kwa sauti ya kusikiwa hadi nyumba ya tatu, "Huyu hapitishaka hata moja!"

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Langu nililitia maji miaka mingi baadaye, mbele ya kompyuta, na nusura linigharimu mwaka mzima wa masomo.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa fizikia katika chuo kimoja mjini Uvira. Kwetu hakuna shahada bila memwari, yaani kitabu cha utafiti ambacho mwanafunzi anakiandika, kisha anakitetea kwa mdomo mbele ya juri, watu wamejaa ukumbini. Wenzangu walichagua mambo ya kushikika: joto la maji ya ziwa, paneli za jua, upepo wa Kalundu. Mimi nilichagua viini hafifu vya galaksi, vilivyofichwa na vumbi, tangu ulimwengu ukiwa bado mchanga. Niliandika hivyo kwenye karatasi, nikaipeleka kwa mkuu wa idara, nikasimama nasubiri.

Alikuwa mtu mzima mwenye miwani mizito na maneno makali. Alisoma mara mbili.

"Hii maneno iko na mashimo meusi ndani?"

"Ndiyo, shefu. Mashimo meusi yenye kumeza gesi."

"Kama unatafuta mashimo, mama, barabara ya Kamanyola iko nayo ya kutosha. Nenda uyapime, serikali itakushukuru."

Ofisi nzima ilicheka. Wiki hiyo nilipewa jina la utani, Mama Shimo, na lilinifuata mpaka kwenye foleni ya maji. Sikujali sana. Mtu akinicheka, shingo yangu inakuwa ndefu zaidi, na hiyo ni tabia ambayo hata padri alishindwa kuitoa. Nilikwenda kwa mwalimu mmoja mzee, mpole, aliyewahi kutufundisha mambo ya mwanga, nikamwomba anisimamie. Alikubali, akamwendea mkuu wa idara, akarudi na sharti moja: niwe na orodha yangu mwenyewe ya viini hivyo, niliyoipata kwa kazi yangu, isiyonakiliwa kokote. Orodha ikianguka mbele ya juri, naanza mwaka upya na somo jingine.

Nieleze kidogo, maana watu wengi wakisikia shimo jeusi wanafikiri giza tu. Katikati ya galaksi nyingi kuna shimo jeusi zito kuliko mamilioni ya jua. Lenyewe halitoi mwanga. Lakini gesi inayolizunguka ikielekea kumezwa husuguana, hupata joto la kutisha, na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi ile zikiwekwa pamoja. Hapo ndipo tunasema kiini cha galaksi ni hai. Sasa viini vingine vimejifunika gesi na vumbi. Kiangazi, watu wa bonde wakichoma majani, sisi wa Uvira tunaamka na kukuta Bujumbura haipo ng'ambo ya ziwa. Mji uko palepale. Moshi na vumbi vimekaa katikati, na jua lenyewe limegeuka jekundu. Vumbi la huko mbali hufanya vilevile, linazuia mwanga wa bluu na kuacha mwekundu upite kidogo kidogo. Tena mwanga wenyewe uliondoka zaidi ya miaka bilioni kumi na mbili iliyopita, kabla dunia yetu haijakuwepo, na kwa kuwa ulimwengu umekuwa ukipanuka njia nzima, unatufikia ukiwa umevutika na kuzidi kuwa mwekundu. Kinachobaki katika picha ya darubini kubwa iliyoko angani ni nukta: ndogo, nyekundu, hafifu. Mabingwa wenyewe bado wanabishana juu ya nukta hizo, ni zipi hasa zina shimo linalokula na zipi ni kitu kingine. Mimi nilitaka kuingia kwenye ubishi huo nikitokea Mutarule.

Picha za darubini ile hutolewa bure kwa yeyote anayezitaka. Kazi ni kuzishusha. Karibu na Kavimvira kulikuwa na sekretaria, kile kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, na mwenyewe alikuwa na paneli nzuri na moyo mzuri. Alinipa kona na meza, mchana tu, jua likiwa juu ya paneli. Watu waliniuliza mbona mtu wa nyota halali mchana na kukesha usiku. Nyota zangu nilizitazama saa sita mchana, jasho likinitiririka, kati ya mtu anayechapisha barua ya kuomba kazi na mwingine anayekatiwa picha za pasipoti. Siku nyingine faili moja ilichukua mchana mzima kushuka, na ikikatika katikati nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nilikuwa na kipande kimoja cha anga, kilichopigwa picha kwa vichujio mbalimbali vya rangi, na ndani yake maelfu ya vidoa. Nilitafuta vile vilivyo vidogo kama ncha ya sindano, vinavyong'aa katika vichujio vya wekundu na kufifia katika vile vya bluu. Baada ya hapo nilipaswa kutoa takataka. Ziko nyota baridi za galaksi yetu wenyewe, majirani kabisa, nazo ni ndogo na nyekundu, na zinaweza kumfanya mtu aseme ameona kitu cha mwanzo wa ulimwengu kumbe ni cha hapa kwetu. Kila makala niliyosoma ilionya: ondoa nyota hizo. Basi niliziondoa. Nilipaswa kuzijua kwa hesabu, kichujio kwa kichujio, lakini mimi mwenye macho yangu nilitazama mchoro, nikaona pale wekundu unapozidi na mwanga unapofifia mno, nikakata. Nukta kumi na nne zilikwenda. Zilizobaki zilikuwa nzuri, zinafanana, orodha imenyooka.

Msimamizi wangu aliipitia, akavua kofia yake na kuivaa tena.

"Iko safi," alisema.

Nilirudi nyumbani nikiona barabara yote ni yangu. Nilichapa memwari, sura nne, nikatoa nakala tano, nikazifunga kwa jalada la bluu. Tarehe ya kutetea ikawekwa. Zikiwa zimebaki wiki mbili nilipanda pikipiki kwenda Mutarule kumwambia mama mwenyewe, ingawa alikuwa ameshajua na ameshatangaza. Wanawake wa kwaya yake ya kanisani walikuwa wamechagua kitenge kimoja, cha kijani chenye maua, wote washone kwa ajili ya siku ile. Mama alinionyesha chake kikiwa kimekunjwa ndani ya plastiki. Hakuwa na mtoto mwingine aliyefika huko, wala dada zake hawakuwa naye, na alikuwa akikishika kile kitenge kama mtu anayeshika kichanga.

Asubuhi ya Jumamosi tulikaa uani tukichambua mchele. Nilikuwa na furaha, nikajikuta naringa na ungo wangu kama zamani, changarawe kulia, nyekundu kushoto. Upande wa kushoto kuku walikuwa wamekusanyika, wanagombana.

"Weye!" mama alipiga kelele. "Unatupa wapi ile?"

"Nyekundu, mama. Minye natosha buchafu," nilijibu, maana kutosha kwetu ni kutoa.

"Nani alikuambia nyekundu iko buchafu? Jiwe ndiyo ya kutupa. Nyekundu tunaitosha juu mununuzi haiitake, tunaweka mu sahani yake, tunapika siye benyewe. Umekula ile tangu ungali mutoto. Leo umevaa viatu vya Uvira, unalisha kuku chakula chako?"

Nilibaki mkono juu. Utotoni kushoto kwangu kulikuwa na mkeka. Nilirusha nyekundu huko na sikugeuka hata mara moja kuangalia nani huziokota. Ni yeye aliyekuwa akiziokota, moja moja, wakati mimi nikisifiwa. Na siku zote hizo vidole vyangu vilijifunza neno moja tu: nyekundu itoke.

Nilijua papo hapo nilichokifanya kule sekretaria. Sikuwa nimeondoa nyota za karibu. Nilikuwa nimeondoa wekundu, kwa mazoea ya ungo. Kiini kinachofunikwa na vumbi kuliko vyote ndicho kinachokuwa chekundu kuliko vyote na hafifu kuliko vyote. Niliandika memwari juu ya vitu vilivyofichwa, nikavitupa vile vilivyofichwa zaidi, kisha nikafunga kitabu kwa jalada la bluu.

Ningependa kusema nilimshukuru mama. Sikumshukuru. Niliweka ungo chini kwa nguvu hadi mchele ukaruka.

"Mama, kazi yangu yote imeharibika. Nimetupa vya kubakisha. Bataweza kunikatia mwaka."

"Umetupa nini? Muchele?"

"Iko sawa na muchele! Na ni weye ulinifundisha kutupa! Ulinisifu mbele ya bantu bote, huyu hapitishaka hata moja, huyu hapitishaka hata moja. Angalia sasa!"

Mama yangu si mtu wa kunyamaza. Anaweza kubishana na mvua. Siku ile aliinama tu, akaanza kuwafukuza kuku na kuokota punje zilizobaki kwenye vumbi, akizipuliza moja moja. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka siku ileile, bila kula.

Jumatatu nilimweleza msimamizi wangu. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama nakala tano zenye jalada la bluu.

"Hakuna mutu wa juri mwenye atajua," alisema polepole. "Minye mwenyewe sikuona. Unaweza kunyamaza ukapita. Ama unaweza kurudilia, na pengine usipite. Minye siwezi kukuchagulia."

Kunyamaza! Nimeumbwa na kiburi, lakini kiburi changu kina faida yake: hakiwezi kukaa ndani ya kitu cha uongo, kinawashwa. Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara. Nilitegemea anicheke, hakucheka. Alivua miwani akasugua macho.

"Ijumaa, saa sita ya mchana, nakala mpya ziwe mezani yangu. Zikikosekana, mwaka umeenda."

Siku nne zile nilipiga moyo konde. Mwenye sekretaria aliniachia meza tangu asubuhi, na mteja aliyelalamika aliambiwa aende kwingine. Nilirudisha nukta zote kumi na nne, na safari hii macho nikayaweka pembeni nikashika hesabu. Nyota baridi za karibu zina mvuke wa maji angani mwake, nao unakula sehemu fulani ya mwanga. Ukilinganisha vichujio vya kati, pengo linaonekana. Nilipima kila nukta, nikapima tena. Tano zilikuwa na pengo. Hizo zilikuwa nyota kweli, na nilizitoa kwa haki. Tisa hazikuwa na pengo. Kati ya hizo tisa, mbili zilikuwa zimeshapimwa na darubini ileile kwa kutawanya mwanga wake, vipimo vimewekwa wazi kwa kila mtu. Nilivifungua mchana wa Jumatano. Mstari wa haidrojeni ulikuwa mpana, umetanuka huku na huku, jinsi unavyotanuka gesi inapozunguka kwa kasi kubwa karibu na kitu kizito mno.

Nilipiga kelele. Mtu aliyekuwa anapigwa picha ya pasipoti alifumba macho, ikabidi apigwe tena. Nilikuwa na haki ya kupiga kelele. Nukta mbili zile, nilizokuwa nimezitupa, ndizo zilizokuwa na ushahidi mzito kuliko zote nilizokuwa nazo, na nilizisoma mimi, Uvira, kwa jua la Uvira.

Niliandika upya sura ya tatu. Sikuficha kosa. Nililiandika kwa ukurasa mzima, jinsi nilivyokata kwa macho na kwa nini, na jinsi lilivyorekebishwa. Ijumaa saa tano na nusu nakala zilikuwa mezani, gundi bado mbichi.

Siku ya kutetea ukumbi ulijaa. Nyuma kabisa kulikuwa na mistari miwili ya kijani yenye maua, kwaya nzima ya kijiji, na mama katikati, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Tangu Jumamosi ile tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu kwa simu. Mambo ya juri kwetu huendeshwa kwa Kifaransa, naye Kifaransa hakijui, kwa hiyo alikuwa akisoma nyuso tu.

Nilieleza kwa dakika zangu. Nilieleza vizuri, nami najua nikifanya vizuri. Mjumbe mmoja aliuliza nukta hizi zina faida gani kwa mkulima wa bonde. Nilijibu kwamba mkulima wa bonde naye huuliza ulimwengu ulianzaje, na kwamba hakuna aliyesema swali hilo ni la watu wa mbali peke yao. Kwaya ilipiga makofi bila kuelewa, kwa kuwa nilikuwa nimenyoosha shingo. Kisha mkuu wa idara akafungua ukurasa wa kosa langu, akakunja uso, akagonga karatasi kwa kidole.

Aliuliza kwa Kifaransa, taratibu, kama ni kawaida mwanafunzi kuandika hadharani kwamba alitupa data nzuri. Nikasema si kawaida. Akauliza ni nani aliyeligundua kosa hilo, msimamizi wangu au mimi.

Ningeweza kusema mimi. Nusu ilikuwa kweli. Niligeuka, nikanyoosha mkono kuelekea nyuma ya ukumbi, nikasema ni mama yangu, yule pale, mkulima wa mpunga.

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Fikiria alichokiona yeye: mzee mwenye miwani amekunja uso, anagonga karatasi kwa kidole, mtoto wake amesimama peke yake mbele, kisha mtoto huyo anageuka na kumnyooshea mkono, na wakubwa wote wanamtazama yeye. Alisimama. Kitenge chake kipya kilikuwa bado na alama za mikunjo.

"Bakubwa," alisema kwa Kiswahili, "munisamehe kusema pasipo kuitwa. Ule mutoto hana kosa. Minye ndiye nilimufundisha kutupa, tangu angali mudogo. Ananiambiaka ukweli. Kama iko azabu, muiweke juu yangu, niko hapa. Lakini mwaka wake, nabaomba, musiukate."

Mkuu wa idara alivua miwani. Akasimama yeye pia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu, na akamjibu kwa Kiswahili.

"Mama, tumekusikia. Mwaka wake hatuukate. Ikala," akamwonyesha kiti akae.

Juri ilitoka kujadiliana, ikarudi, ikatangaza nimepita kwa alama za juu. Wanawake wa kijani walinivamia na kopo la poda ya watoto, wakanimwagia kichwani na mabegani kama ilivyo desturi kwetu, hata nikapiga chafya mbele ya wakubwa. Mama alikuja wa mwisho. Hakuwa na poda. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanifuta macho kwa ncha ya kitenge kipya, na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nalia.

Lawama ile haikuwa yake. Nilimtupia kwa hasira uani, nikapanda pikipiki nikaondoka. Yeye aliibeba wiki mbili bila kuniuliza kitu, akaja nayo Uvira, akaikiri mbele ya watu wenye vitabu ili mimi nipite. Nimewahi kujivunia mambo mengi maishani, na nukta zangu tisa bado najivunia, lakini siku ile nilijivuna kwamba nimezaliwa na mwanamke yule, na kiburi hicho sitakitubu kwa padri yeyote.

Jioni, tukiwa tumekaa peke yetu, nilimwomba msamaha kwa maneno ya Jumamosi ile. Alinitazama kwa mshangao, bado amevaa kitenge chake, amechoka, anang'aa.

"Musamaha wa nini, mama yangu?" alisema. "Kesi si tumeishinda?"